Ndege wa Kusikia Hahesabiwi

Mandawa, Ruangwa
2 Desemba 2023

Mtani wangu Albina,

Salaam nyingi. Mimi ni mzima, natumai nanyi huko Mnero hamjambo. Usishangae kupata barua badala ya simu. Simu nimempa binti yangu Fauzia akae nayo kwake, maana kila anayepiga anaanza kwa kulia. Nikishalia naye, ananiaga vizuri anaendelea na shughuli zake, na mimi nabaki na kichwa kinauma. Leo ni siku ya thelathini na tatu tangu Mudrik afariki. Eda yangu inakwisha tarehe 6 Machi, na mpaka siku hiyo mwisho wa dunia yangu ni ua wa uani. Barua hii nimempa Kipriani, utingo wa basi la Nachingwea. Anasema ataifikisha mpaka mlangoni kwako.

Nina mambo mawili. La kwanza ni kwamba uani kwangu kuna ndege. Utasema kila uani kuna ndege. Lakini mimi miaka ishirini na saba nimekaa nyumba hii nikitoka alfajiri kwenda kufundisha na kurudi jioni, na nakuapia sikuwahi kuwaona. Juzi chozi mwenye kifua chekundu alining'inia kichwa chini kwenye ua la mgomba, akinywa. Jana keremkerem watano walikaa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kila mmoja ana nyuki mdomoni, wanampigapiga kwenye kamba mpaka mwiba umtoke ndipo wanammeza. Nilishika mdomo nisipige kelele. Nimefungua daftari na nimefika tisa. Wifi yangu Mwamina, dada wa marehemu, anakaa nami kipindi hiki, na hapendi kuniona natabasamu.

La pili ni wewe. Msibani ulifanya utani wako kama ilivyo desturi. Ulivaa koti la Mudrik na kofia yake, ukatembea kama yeye, ukakohoa kama yeye, mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Koti ukaondoka nalo na hakuna aliyekuuliza, kwa sababu mtani akichukua hakatazwi. Katikati ya mchezo ukaliparamia sufuria la wali ukaanguka, watu wakazidi kucheka. Mimi sikucheka. Ule haukuwa utani, Albina. Sufuria lile hukuliona.

Mwanao Catherine ameniambia kambi ya macho inakuja Nachingwea tarehe 20 Februari na wewe umekataa kata kata. Basi tushindane. Wa kwanza kufikisha aina thelathini za ndege uani kwake kabla ya kambi ndiye mshindi. Nikishinda mimi, unakwenda kutolewa huo mtoto wa jicho. Ukishinda wewe, sitayataja macho yako tena mpaka nife. Masharti ni mawili tu. Ndege awe ndani ya ua, na umwone kwa macho. Wa kusikia hahesabiwi.

Mtani wako,
Rukaiya


Mnero, Nachingwea
9 Desemba 2023

Mtani wangu Rukaiya,

Barua nimeipata. Kipriani nimempa ndizi mbivu ili aizoee njia.

Nani amekwambia sioni? Lile sufuria liliwekwa njiani na Wamwera, watu msiojua kupanga vitu. Nimestaafu na macho yangu na nitazikwa nayo. Catherine nimemlea mwenyewe, amekuwa nesi hapa zahanati, sasa ananiona mimi mgonjwa wake. Angemkumbuka baba yake. Huyo baba yake, kaka yangu Obadia, alichokolewa jicho na mganga kwa mwiba, akaambiwa atulie siku tatu. Alitulia miaka kumi na minne, akafa hajauona tena hata mkono wake. Catherine anasema mganga si daktari. Najua. Lakini kitu chenye ncha ni kitu chenye ncha, na mimi naogopa. Nimekwambia, usinicheke.

Mashindano nayakubali, kwa sababu hajazaliwa Mmwera wa kumshinda Mmakua. Leo tu, nikiwa nimekaa nyuma ya jiko, nimepata kumi na mmoja. Kigong'ota anagonga mnazi mkavu, mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Dudumizi anatoa ile sauti ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi wenye shingo nyembamba, kwa hiyo mvua haiko mbali. Hondohondo wamepita juu ya paa wakilia kama watoto wanaogombea, na mabawa yao yanavuma. Kuna tetere, kuna kwarara, kuna kunguru, na wengine nimewaandika. Amka mapema, mtani.

Albina


Mandawa
22 Desemba 2023

Mtani,

Nimegundua siri na nakupa bure ingawa tunashindana. Ufagio ndio adui.

Unajua sisi tulivyolelewa. Uani pafagiliwe kabla jua halijatoka, pabaki mistari ya ufagio tu, vinginevyo jirani atasema hapa hapana mwanamke. Sasa ndege watakula nini kwenye mistari ya ufagio? Nimeacha kufagia siku sita. Majani yamelala, mchwa wametoka, mbegu za mtama zilizomwagika zimebaki pale pale, na uani pamekuwa soko. Leo asubuhi wamekuja wale wadogo wa bluu, wanatembea wawili wawili kama wachumba. Nimefika kumi na tisa.

Mwamina alichukua ufagio. Nikamwomba auache. Akasema, "Wifi, watu watakuja kuhani wakute uwanja mchafu, watasema kaka yangu kaacha kichaa." Nikamwambia waseme. Hatujasemezana tangu jana adhuhuri.

Lakini mbona mwandiko wako umekuwa mkubwa namna ile? Mistari sita imejaza ukurasa mzima. Na herufi zimepanda juu ya ua la pambo kwenye karatasi.

Rukaiya


Mnero
6 Januari 2024

Mtani,

Heri ya mwaka mpya. Ule ni mwandiko wa ubaoni. Mwalimu haachi ualimu.

Ndege niko ishirini na nne. Usiku wa kuamkia Krismasi mvua ilinyesha, asubuhi kila mti ulikuwa unaimba. Kuna mmoja ameingia kwenye mpapai, anaanza chini anapanda, anapanda, halafu anakata kama mtu aliyesahau maneno. Ana rangi nzuri sana. Na kwale amekuja mpaka jikoni, akapita miguuni kwangu akidonoa pumba. Sijawahi kuona kwale mpole namna hii. Nimemwandika.

Mwambie Mwamina nampa pole ya kukaa na wewe.

Albina


Mandawa
30 Januari 2024

Albina,

Nimeshinda. Kaa chini kwanza.

Nilikuwa na ishirini na tisa tangu wiki iliyopita na nikakwama hapo. Jana saa moja asubuhi, mvua imekatika na majani bado yanadondosha maji, nikasikia mlio mfupi, kama mtu anayechana kitambaa kipya. Kimya. Halafu tena. Nikaangalia, na pale chini ya mkorosho, kwenye majani makavu, alikuwa anarukaruka ndege ambaye sijawahi kumwona wala kusikia habari zake tangu nizaliwe. Mgongo wa kijani. Kifua cha rangi ya embe bivu. Tumbo jekundu, jekundu kabisa, Albina, kama kanga mpya. Kwenye bawa ana matone ya bluu yanayong'aa, na kichwa cheusi chenye mstari kama kavaa kofia. Anafukua majani kwa mdomo, anasimama wima, anasikiliza. Kisha akaruka juu ya tawi, akajifinya, akatoa ule mlio, na tumbo lile jekundu likawaka.

Nilitaka kumwita mtu na jina lililonijia mdomoni lilikuwa Mudrik.

Huyo ni wa thelathini. Tarehe ishirini mwezi ujao unakwenda Nachingwea na Catherine. Funga mfuko.

Mshindi wako,
Rukaiya


Mnero
4 Februari 2024

Mtani,

Barua yako nimeirudia mara mbili kwa utamu wa huyo ndege. Mara ya tatu nikasimama.

Uani kwako nimekaa siku nyingi. Kuna mgomba, kuna mpapai, kuna mwembe mdogo karibu na choo. Huo mkorosho umeota lini?

Albina


Mandawa
10 Februari 2024

Albina,

Umenishika.

Mkorosho uko nje. Ule mlio niliusikia nyuma ya ua, nikachungulia kwenye mwanya wa mabua, nikamwona kidogo tu, rangi imepita. Nikasogea. Nikafungua kilango. Nakuambia ukweli kwamba sikuamua kutoka. Nilikuja kujikuta hatua arobaini ndani ya shamba la korosho, miguu mitupu, kanga imeanguka mabegani, nimechuchumaa nyuma ya shina kama mwizi. Mwanamke wa eda.

Nilikuwa nimesahau kwamba Mudrik amekufa. Kama dakika kumi hivi, nilikuwa mtu tu anayeangalia ndege. Nilipogeuka nikamwona Mwamina amesimama kilangoni, ndipo nikakumbuka yote kwa mara moja, nikalia kuliko nilivyolia siku ya kuzika. Akanishika mkono akanirudisha ndani. Akamwita Shehe Abdulkarimu. Shehe amesema eda haianzi upya, niombe msamaha kwa Mungu na nitulie. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza polepole huyo ndege ana rangi gani tumboni.

Kwa hiyo nina ishirini na tisa. Wa thelathini hakuwa ndani ya ua. Neno hili nimeliandika na kulifuta mara tatu kwa sababu najua maana yake ni kwamba hulazimiki kwenda. Nilikuwa tayari kukudanganya ili upone. Nisamehe.

Rukaiya


Mnero
10 Februari 2024

Rukaiya,

Barua hii anaiandika Catherine, mimi nasema. Nilikuwa nikiweka rula chini ya kila mstari ili nisipotee, lakini tangu Jumanne hata rula siioni. Barua zako naye ndiye amekuwa akinisomea.

Sikutaka kukusubiri ujibu habari ya mkorosho. Nimekuuliza swali kama askari, na mimi mwenyewe ndiye mwizi.

Nina ndege ishirini na saba kwenye daftari. Niliowaona kwa macho ni wawili. Mmoja ni kunguru. Wa pili ni yule kwale, na Catherine leo ameniambia kwamba yule kwale ni kuku wa Serafina, jirani yetu. Amecheka mpaka akakaa chini. Waliobaki wote ni sauti. Nakaa nyuma ya jiko asubuhi naona mwanga, naona vivuli, na kila mti unaimba. Nilipokwambia ana rangi nzuri sana, sikujua rangi yake.

Basi sijashinda na sina haki ya kukuzuia kusema. Lakini kwenda siendi. Nimejaribu kujilazimisha. Nikifikiria kitu kinakaribia jicho, naona ule mwiba wa Obadia.

Albina

Mama Fauzia, shikamoo. Hili naliongeza mwenyewe, shangazi hajui. Daktari wa mkoa alimpima mwaka jana. Alisema macho yote mawili yanatibika, ila tusikawie. Catherine.


Mandawa
14 Februari 2024

Mtani wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Kipriani anasema jana alikuwa na yako mfukoni alipokuwa anakabidhi yangu kwa mwenzake pale stendi ya Nachingwea. Nimesoma habari ya kuku wa Serafina nikacheka kwa sauti, mpaka Mwamina akaja kuuliza kuna nini. Nikamsomea. Akacheka na yeye. Tumesameheana kwa ajili ya kuku.

Sasa nisikilize, na Catherine asome polepole.

Mashindano yamekufa, sote ni waongo. Lakini utani haujafa. Msibani kwangu ulichukua koti la mume wangu mbele ya watu mia mbili. Koti la sufu alilonunua Dar, alilokuwa akivaa Idi. Nililitaka lile koti, Albina. Nilitaka kulilalia. Sikusema neno, kwa sababu wewe ni mtani na mtani hakatazwi.

Leo na mimi nachukua. Nachukua macho yako yote mawili. Nimeyachukua mbele ya Mwamina na mbele ya Shehe, niliyemwita awe shahidi, na amekubali. Si yako tena. Huna ruhusa ya kuyaogopea, kwa maana mali ya mtu haiogopewi na mwingine. Na mimi mali yangu siiachi iharibike. Naagiza ipelekwe Nachingwea tarehe 20 ikatengenezwe. Wewe kazi yako ni kuyabeba tu mpaka pale.

Ukikataa, basi umevunja utani wa babu zetu, na watu wa Mnero wote nitawaambia.

Yule ndege bado namsikia kila asubuhi nyuma ya ua. Sitoki. Siku yangu ya kutoka eda ukija, tutakwenda wote wawili kumwangalia, mchana kweupe, kwa ruhusa.

Rukaiya


Mnero
22 Februari 2024

Mama Fauzia,

Shikamoo. Shangazi ameniagiza nikuandikie kwa kuwa kafungwa jicho.

Barua yako nilimsomea jioni ya tarehe 16. Akaniambia nirudie pale pa koti. Nikarudia. Akasema, "Sikujua alilitaka." Halafu akaingia chumbani akalitoa, akalikunja akaliweka kwenye mfuko. Asubuhi ya tarehe 20 alikuwa amesimama mlangoni kabla sijaamka.

Kambini alitetemeka mpaka kiti kikawa kinalia. Daktari alimuuliza kama yuko tayari. Shangazi akamjibu, "Usiniulize mimi. Macho haya ni ya Mmwera mmoja wa Mandawa. Muulize yeye." Daktari akafikiri bibi kachanganyikiwa, ikabidi nieleze habari za utani, na kumbe yeye ni Myao, naye ni mtani wetu. Akasema kama ni hivyo basi anafanya kazi ya mtani, na mtani hakosei. Shangazi akatulia. Jicho la kulia limefanyika vizuri. Bandeji imetoka jana, lakini daktari amesema tulifunike siku chache zaidi kwa ajili ya vumbi na jua.

Wako mtiifu,
Catherine


Mnero
28 Februari 2024

Rukaiya,

Huu ni mwandiko wangu, na rula iko kabatini.

Nilipotolewa kifuniko niliona kwanza ukuta. Nakwambia, sijawahi kuona ukuta mzuri kama ule. Ulikuwa na ufa na mjusi. Catherine ana mvi mbili mbele, na hakuna aliyeniambia. Nimeliangalia blanketi langu, kumbe ni la bluu, mimi nilikuwa nalijua la kijivu.

Leo alfajiri nimekaa nyuma ya jiko. Wamekuja ndege chungu nzima na simjui hata mmoja. Nimekaa nao miezi yote hii kama majirani, leo nawaangalia kama wageni. Kuna kimoja kidogo, cha hudhurungi, hakina hata uzuri, kilikaa kwenye mpapai. Nikakidharau. Halafu kikafungua mdomo, na ikatoka ile sauti inayoanza chini na kupanda mpaka inakatika. Nilisimama. Ni yeye, yule niliyekwambia ana rangi nzuri sana. Nilimwangalia koo linavyotetemeka. Uji ukapoa, Catherine akaniita mara tatu, nikamwambia aninyamazie.

Jicho la kushoto nimejiandikisha mwenyewe kwa kambi ya Agosti.

Tarehe 6 nakuja, na koti nakuja nalo. Mwambie huyo ndege wako mwekundu anisubiri.

Albina


Mandawa
2 Machi 2024

Mtani,

Nimefurahi mpaka Mwamina amepika maandazi.

Lakini kuna jambo. Ndege hayupo. Tangu Jumatatu sijausikia ule mlio. Jana nilimtuma Mwamina akachungulie kule shambani, akakaa saa nzima amechuchumaa, yeye aliyekuwa hataki hata kusikia, akarudi na majani kwenye kanga. Hakuna kitu. Shehe anasema huenda ni wale wanaokuja na mvua na kuondoka. Nilifikiri nisikwambie mpaka uwe umeshafika, nikaona uongo umetosha baina yetu. Ni safari ndefu, na jicho bado bichi. Ukiona uahirishe, nitaelewa.

Rukaiya


Mnero
4 Machi 2024

Rukaiya,

Barua yako imenikuta nafunga mfuko, na naendelea kufunga.

Umenielewa vibaya tangu mwanzo, na kosa ni langu. Unadhani nilikubali kukatwa jicho ili nione ndege. Nakwambia sasa jambo ambalo sikumwambia hata Catherine. Miaka miwili sijauona uso wako. Msibani nilikaa pembeni yako siku saba, nikakushika mkono, nikakufuta machozi, na sikukuona. Nilikujua kwa kulia kwako. Nikavaa koti nikacheza na kuanguka, ili watu wacheke wasiniangalie sana.

Nakuja keshokutwa na basi la asubuhi. Najua siku hiyo uani patajaa wanawake, wote wamevaa kanga, wote wa umri wetu. Nitakaposimama mlangoni, nakuomba kitu kimoja. Usiniite. Usikohoe, usicheke, na Mwamina asikuonyeshe kwa kidole. Nyamaza kabisa, uniache nikutafute.

Albina